Kijaluba cha Bibi

Mwezi wa Mei mwaka 2020 kazi zangu zote za ofisi nilizifanya nimekaa ukingoni mwa kitanda cha Bibi. Hakukuwa na pengine pa kukaa. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hujibanza ukutani ampishe mwenziwe. Vyumba vya chini mtandao hauingii, kuta ni za mawe ya matumbawe na ni nene. Darini kuna dirisha moja linalopokea kusi, na hapo ndipo simu ilipokuwa ikishika vizuri. Bibi naye alilazwa hapo kwa sababu ya upepo huohuo.

Tulikuwa ndani ya Ramadhani. Tarehe 6 Mei ikatangazwa kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale kwa ajili ya korona, na njia zote za kutokea zikawekwa vizuizi. Mimi nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ya kuondosha mizigo bandarini. Kilindini meli ziliendelea kuteremsha kontena, na wenye mizigo Kampala na Kigali waliendelea kuuliza mizigo yao iko wapi. Kwa hiyo kila siku saa tatu asubuhi tulikuwa na mkutano kwenye kompyuta, watu kumi na zaidi, kila mmoja kwake.

Bibi alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na siku aliyopangiwa kupasuliwa ikaahirishwa hospitali zilipoanza kupokea wagonjwa wa korona. Lakini ndani ya nyumba hakuhitaji kushikwa mkono. Alijua ngazi zina vidato vingapi, na usiku ndiye aliyekuwa akikagua komeo la mlango wa mbele, kwa kiganja chake, hata kama sisi tulimwambia tumeshafunga. Maneno yetu hayakumtosha mpaka alishike.

Jumatatu moja nilikuwa nikisoma nambari za kontena mkutanoni, eafoni masikioni. Bibi akanigusa bega. Nikajua ana haja. Nilipotafuta alama ya kuzimia maiki sikuiona. Ukurasa wa mkutano ulikuwa umefunikwa na hati za forodha, na laptopu yangu ilikuwa nzito kama imelala. Nikafanya lile ambalo mkono hulifanya wenyewe: nikaichomoa pini ya eafoni. Maiki ipo kwenye waya wa eafoni, nikafikiri, na waya si huo nimeutoa.

“Sema, Bibi.”

Bibi akasema. Alisema jambo la mwili wake, jambo ambalo mwanamke mzee humwambia mjukuu wake peke yake, kwa sauti ya chini. Sitaliandika hapa.

Kisha sauti ya mwanamume ikatoka kwenye laptopu, ikajaa chumba kizima: “Kuna mtu maiki yake iko wazi.” Na nyuma yake, kicheko kifupi cha mtu mwingine, kilichokatwa katikati.

Kumbe laptopu ikipokonywa eafoni haibaki bubu. Hurudia spika zake yenyewe, na hurudia maiki yake yenyewe, ile tundu ndogo iliyo juu ya skrini, ambayo husikia chumba kizima kuliko hata ile ya waya. Nilikuwa nimeufungua mlango nikidhani naufunga.

Bibi alivuta leso akajifunika mpaka kichwani. Hakuniuliza ni nani wale. Aliuliza kitu kimoja tu: “Ni wengi?” Nikanyamaza, naye akapata jibu lake.

Siku zilizofuata ndizo zilizoniumiza zaidi. Ilipokaribia saa tatu Bibi alikuwa akigeukia ukutani na hasemi tena, hata maji haombi, mpaka nimwambie nimemaliza. Wakati mwingine nikimwambia nimemaliza alingoja kwanza, kama anayesikiliza nje. Siku ya tatu akamwomba mama ahamishiwe chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha. Mtu wa umri ule, Mei ile yenye mvua na joto la mvua, achague kukaa gizani bila upepo ili mimi nifanye kazi.

Nilijaribu kumtuliza. Nilimweleza kwamba kwenye skrini kuna alama ya maiki, ukiizima inapigwa mstari mwekundu, na sasa nitaiangalia kila mara. Nilikuwa katikati ya maneno hayo nilipojisikia ninachosema: namwambia asiyeona kwamba kuna mstari mwekundu.

Alasiri ile nikateremka kwa Ami. Si ami yangu wa damu. Ni fundi wa redio wa mtaani kwetu, na sote tumemwita hivyo tangu utotoni. Ndiye aliyekuwa akitengeneza vipaza sauti vya misikiti. Misikiti wakati ule ilikuwa imefungwa, watu wakiswali majumbani, lakini adhana ilikuwa ikiadhiniwa, na Ami alikuwa na kazi kidogo na muda mwingi. Alikaa kwenye baraza yake na barakoa kidevuni, akaipandisha aliponiona.

“Shikamoo, Ami.”

“Marahaba, mwanangu. Bibi yako hajambo?”

Nikamweleza, bila kumwambia Bibi alisema nini, naye hakuuliza. Nilisema nataka swichi ya maiki inayoshikika. Ikifungwa, mtu aijue kwa kidole.

Tulichofanya kwanza ni kile ambacho kila mtu angekifikiria: kuukata waya wa maiki na kutia swichi katikati. Ami alichuna eafoni yangu. Pini yake ni ya milimita 3.5, yenye sehemu nne: ncha ni ya sikio la kushoto, inayofuata ni ya kulia, ya tatu ni ardhi, yaani njia ya pamoja ya umeme kurudi, na ya mwisho, iliyo karibu na plastiki, ndiyo maiki. Tukalehemu swichi, nikaanza kujirekodi kwenye laptopu. Nilipokata, ikalia “pwa!” kama mlango uliobamizwa, halafu ukabaki mvumo.

“Waya ulioachwa wazi ni antena,” Ami akasema. “Maiki za msikitini hazikatwi hivyo. Nyingi swichi yake hugandanisha nyaya mbili. Sauti unaipa njia ya mkato, irudi ilikotoka.”

Basi tukaugandanisha waya wa maiki na ardhi. Kwenye laptopu mvumo ulikwisha, ila “pwa” ikabaki. Nikakumbuka kwamba stima ikipotea huwa nahamia kwenye simu, nikampigia mama aliyekuwa juu. Nilipofunga swichi simu ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika tena. Ami alicheka kwa furaha, kwa sababu alikwishaelewa: kwenye eafoni zenye kitufe cha kupokelea simu, kitufe chenyewe kazi yake ni hiyohiyo, kugandanisha maiki na ardhi. Simu ilidhani nimekibonyeza na kukishikilia.

Akachukua mita akapima waya wa maiki. Ilisoma volti mbili na kitu. Mimi nilidhani maiki ndiyo inayotoa umeme, kumbe kompyuta ndiyo inayoulisha ule waya. Baadaye nilisoma kwamba maiki ndogo za aina hii zilibuniwa na Gerhard Sessler na James West kwenye maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1962. Ndani mna utando uliotiwa chaji isiyotoka, na nyuma yake transista ndogo ambayo haifanyi kazi mpaka ilishwe umeme kidogo. Umeme huo umetulia, haupandi wala haushuki. Sauti ni mtikisiko mdogo unaopita juu yake. Tulipogandanisha waya moja kwa moja tuliangusha vyote viwili, na ile “pwa” ilikuwa kishindo cha umeme uliotulia ukianguka.

“Tunataka kumwaga sauti, umeme tuuache,” Ami akasema. Akafungua kopo la maziwa lililojaa vipande vya redio zilizokufa, akatoa kapasita. Kapasita huuzuia umeme uliotulia na hupitisha unaotikisika. Ukiiweka kati ya maiki na swichi, na swichi ikaenda ardhini, sauti peke yake ndiyo inayopotea. Simu haitajua kitu, maana volti zake ziko palepale.

Nilikuwa tayari kuondoka na jibu hilo. Yeye akanizuia. Kapasita tupu, alisema, ni mtungi mkavu: siku ya kwanza kuutia maji hunywa kwa pupa. Ukifunga swichi na kapasita ni tupu, itafyonza umeme ghafla na “pwa” itarudi. Kwa hiyo akatia rezista ya kiloomu 100, kipande kinachoubana umeme upite kidogo kidogo, kuivukia swichi, upande huu hadi upande ule. Swichi ikiwa wazi, umeme unapenya pole pole kupitia rezista na mtungi unajaa. Ukija kufunga hauna kiu. Nilipenda sana alivyolieleza, na mpaka leo sijasikia mtu aliyelieleza vizuri zaidi.

Kapasita ya kwanza ilikuwa ya maikrofaradi 100. Nilifunga swichi, nikazungumza, nikasikiliza rekodi kwa sauti ya juu kabisa. Kimya. Nikakohoa kwa kifua, na chini kabisa pakasikika kitu, kama mtu aliye nyumba ya tatu. Ami akasema kwa mkutano inatosha. Nikamwambia kwa Bibi haitoshi. Hakubishana, sauti nene ndiyo huiona kapasita ndogo kama kizuizi, alisema, akatafuta ya 470. Nikakohoa tena, nikasikiliza mara mbili. Hakuna. Gharama yake ni kwamba kubwa hiyo huchelewa kujaa, ikabidi niwe nachomeka eafoni dakika nne au tano kabla ya mkutano, swichi ikiwa wazi.

“Na ile maiki ya ndani ya laptopu?” Ami akaniuliza nikiwa nimeshasimama. Swali hilo lilikuwa langu kuliko lake, na lilinikaa mpaka nilipofika juu. Nilifungua mipangilio ya laptopu nikaizima kabisa ile maiki ya skrini, kisha nikachomoa eafoni na kujirekodi nikipiga makofi. Hakukuwa na sauti. Pini ikichomoka sasa, hakuna sikio la pili la kurudiwa.

Kilichobaki ni kasha. Swichi ilikuwa ya kijiti, ya kupandisha na kushusha, imetoka kwenye amplifaya iliyoungua, na Ami alisema ipate sanduku la madini, kwa sababu madini yakiungwa na ardhi hukinga mavumo. Nilikuwa nikimuuliza mama kama tuna kopo lolote dogo, Bibi akasikia kutoka chumba cha ndani.

“Chukua kijaluba changu.”

Kijaluba chake cha tambuu, cha shaba, alichokuja nacho nyumba ile alipoolewa. Tambuu alikwishaacha, lakini kijaluba kilikaa chini ya mto. Nikamwambia kitatobolewa, Bibi. Akasema anajua swichi haielei hewani. Akakipangusa kwa pembe ya leso na kunikabidhi.

Ami alikitoboa tundu moja kubwa na moja dogo, taratibu, akikigeuza kila mara asikikwaruze. Alimaliza muda mfupi kabla ya magharibi. Kafyu ilikuwa saa moja, nikapanda ngazi mbio na kijaluba mkononi na adhana ya futari ikianza. Hela alikataa. Nilimpelekea kaimati.

Baada ya futari nikakaa na Bibi. Nikampa kijaluba, akakigeuza, akakuta kijiti kwa kidole gumba. Akakishusha: ta. Akakipandisha: ta.

“Chini ndiyo kufunga?”

“Chini ndiyo kufunga.”

“Na mimi nikishusha hapa, wewe huko huna la kufanya?”

“Sina, Bibi. Ukishusha hakuna anayesikia.”

Mimi nilikuwa nimepanga kukiweka karibu na laptopu, mkono wangu wa kulia. Yeye hakukirudisha. Akauliza waya una urefu gani. Siku ya pili Ami akauongeza ukafika mita mbili, kutoka mezani hadi kwenye mto wa kulalia, na Bibi akarudishiwa kitanda chake cha dirishani.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa nikisoma nambari za kontena kama kawaida. Nyuma yangu nikasikia: ta. Masikioni mwangu meneja aliendelea kidogo, kisha akaniita jina mara mbili, akauliza kama bado nipo. Nikageuka. Bibi alikuwa amekaa, uso kwangu, kidole kiko juu ya kijiti na bado amekibana chini.

“Haya, mamaangu,” akasema. “Nisikize sasa.”