Bwana Ford Alipolikalia Tenga

Tenga lilisukwa kwa fito, mdomo sentimita 90, kimo 75. Fundi aliuliza litabeba kuku wangapi. Akajibiwa litabeba mtu mmoja, na mtu mwenyewe ana tumbo. Hakuuliza tena, akalipigia chini mbao mbili za kukingama, na zile mbao ndizo zilizotuokoa.

Mchezo wa kuigiza tuliolisukia tenga hilo ni wa Shakespeare, The Merry Wives of Windsor, uliochapwa mara ya kwanza mwaka 1602. Wasomaji wengine wataukumbuka kwa jina la Wanawake wa Heri wa Winsa, ulipoigizwa kwa Kiswahili kwenye jukwaa la Globe, London, mwaka 2012, Mrisho Mpoto akiwa Falstaff, katika tamasha la michezo 37 kwa lugha 37. Kikundi chetu cha Mombasa kilikuwa cha ridhaa, na tafsiri tuliifanya wenyewe. Haikutupa taabu kama ambavyo tamthilia zake nyingine zingetupa, maana mchezo huu karibu wote ni nathari. Watu wanasema kama wanavyosema uani.

Kisa kiko Windsor, mji mdogo kando ya mto Thames. Sir John Falstaff, askari mnene aliyefilisika, amesikia kwamba Bi. Ford na Bi. Page ndio washika mikoba ya waume zao. Anawaandikia barua za mapenzi, ile ile mara mbili, jina tu limebadilika. Mashoga hao wanazilinganisha, na tangu hapo kila mwanamume anayedhani ameshika usukani yumo garini tu. Bw. Page anamwamini mkewe na kulala usingizi wake. Bw. Ford hamwamini. Anajiita Brook, anampelekea Falstaff mfuko wa fedha, na kumwomba amwangushe Bi. Ford ili baadaye na yeye "Brook" apate pa kupitia. Yaani mume anatoa fedha zake mwenyewe ili aletewe habari ya kuvunjiwa nyumba.

Wanaoupanga mchezo huu kwa kawaida huanza na tumbo la Falstaff. Afadhali kuanza na uso wa Ford. Akiwa amejigeuza Brook, anakaa mbele ya Falstaff na kusikia mumewe Bi. Ford akitukanwa, na hawezi kutamka neno. Hapo mtazamaji anataka kuona mdomo unavyokaza na shavu linavyocheza. Ndevu za bandia zinafunika yote hayo, na zina ubaya mwingine: gundi ya ndevu haipatani na jasho la pwani. Baada ya robo saa chini ya taa, pembe ya ndevu inaanza kubanduka upande wa sikio, na mwigizaji anabaki kuishikilia kama mwenye jino bovu. Tuliziacha. Brook wetu alivaa kofia ya pama, koti la mtumba refu kupita magoti, na miwani isiyo na vioo, kwa sababu vioo vinarudisha mwanga na macho yanapotea. Mabadiliko yawe madogo kiasi kwamba kila mtu ukumbini anamjua isipokuwa Falstaff, ambaye macho yake yako kwenye mfuko wa fedha.

Tumbo lilikatwa kwenye godoro la sponji la inchi nne. Kipande kimoja hakifai. Kinasimama mbele kama ngoma na mtu akiketi kinampanda kidevuni. Tulikata vitatu, cha mbavu, cha kitovu na cha nyonga, vikashonwa juu ya fulana kwa kuachiana nafasi ya vidole viwili ili mwili uweze kujikunja. Mgongoni pia tuliweka sponji, nyembamba, kwa ajili ya bakora zitakazokuja. Juu yake lazima uvalishe kitambaa laini. Bila hicho sponji inaing'ang'ania nguo na mwigizaji hawezi kubadilisha vazi upesi. Suti nzima ilikuwa kilo nne ikiwa kavu. Ikishanywa jasho inazidi, na isipoanikwa usiku huo huo, kesho wenzake hawamkaribii.

Sasa tenga. Katika tendo la tatu Falstaff amekuja kwa Bi. Ford, mume akiwa matembezini. Wake wamekwisha kupanga: Bi. Page ataingia akihema na habari kwamba Ford anakuja, habari ya uongo ya kumtisha mgeni. Mgeni ataingizwa ndani ya tenga la nguo chafu, watumishi wawili watalibeba mpaka mbugani Datchet na kulimwaga kwenye shimo la matope ukingoni mwa Thames. Wasichojua ni kwamba Ford anakuja kweli.

Kumpakia mtu kuna utaratibu. Kwanza chini lipigwe godoro jembamba. Mwigizaji anaingia kwa makalio, magoti kifuani, uso ukielekea upande usio wa watazamaji, ambako fito nne zimeachanishwa apate hewa. Nguo za juu ya kichwa ziwe za pamba, nailoni inamziba. Tulikuwa na vipande kama thelathini, mashuka, kanga, fulana na soksi, vilivyolowekwa kwenye chai ya rangi na kuachwa vikauke vikiwa vimekunjamana, kwa kuwa uchafu wa kweli hauonekani kuanzia safu ya tatu kwenda nyuma. Mfuniko haufungwi kamwe. Akigonga mara mbili ubavuni, tenga linashushwa hata kama ni katikati ya sentensi ya mtu.

Kwenye maandishi Bi. Ford anaita mpiko uletwe, na huo ndio hasa unaotakiwa, mti mmoja mabegani mwa watu wawili. Mwanzi ulipasuka ulipojaribiwa kwa viroba vya mchanga. Jaribu kwa mchanga siku zote, usijaribu kwa mtu. Tukachukua mkoko wa kiwango cha mazio, ulio mnene kuliko pau na mwembamba kuliko boriti, mita mbili na nusu. Kamba ikawa ya katani, maana ya nailoni inavutika. Tatizo lililobaki ni vimo: wabebaji wasipolingana, tenga linateleza kumwelekea mfupi, na uzito wote unakuwa wake. Dawa ni kuuviringishia mpiko mpira wa ndani wa baiskeli mahali kamba inapokaa. Pamoja na mtu, suti, nguo na tenga lenyewe, mzigo ulikuwa kama kilo 95. Vijana waliweza kusimama nao kwa muda wa sentensi nne au tano, na onyesho lilihesabiwa kwa sentensi hizo.

Usiku wa onyesho ukumbi ulijaa, na safu za mbele zilikamatwa na kina mama, wengine na vipepeo vyao vya ukili. Tendo la kwanza waliliangalia kwa adabu. Barua mbili ziliposomwa pamoja walianza kuguna. Tenga lilipoinuliwa na Ford akatokea mlangoni na wanaume wenziwe, akawasimamisha wabebaji na kuuliza linakwenda wapi, kukawa kimya. Bi. Ford anajibu hapo kwamba hayo hayamhusu. Kwetu ilikuwa: "Na wewe yakuhusu nini linakokwenda? Au umeanza kazi ya dobi?"

Mwigizaji wa Bi. Ford hakuwahi kufika kwenye neno dobi. Mama mmoja wa safu ya mbele alimtangulia: "Mwache afue basi!" Mwingine: "Hata soksi zake hazijui zilipo!" Ukumbi ukaanguka. Mwigizaji mzoefu hasemi juu ya kicheko, husubiri kipungue. Huyu wetu alikuwa mzoefu, akasubiri. Kila kilipopungua mama mwingine alikiongeza.

Wabebaji hawakuwa kwenye hesabu hiyo. Mpiko ulikuwa unapinda kwa namna inayoonekana, na kijana wa nyuma shingo ilikuwa imesimama mishipa. Wakalishusha tenga polepole, kama walivyofundishwa. Ikabaki shida ya Ford. Kwenye maandishi tenga linaondoka mbele ya macho yake naye halitazami, hasira yote iko vyumbani. Sasa limewekwa miguuni pake, mfuniko wazi kidogo, na mume mwenye wivu hawezi kusimama karibu na tenga kubwa hivyo asilifunue. Akilifunua, mchezo umekwisha katika tendo la tatu.

Akalikalia. Alifuta jasho, akageuza mgongo, akaketi juu ya mfuniko kama mtu aliyechoshwa na mke, kisha akaanza kuwaapia wenziwe kwamba leo atamnasa mgoni wake humu humu nyumbani. Chini yake sponji ya inchi nne ilibonyea, halafu, kama sponji zote, ikarudi. Ford akainuka taratibu kiasi cha kiganja kimoja huku akiendelea kuapa. Akashuka. Akainuka tena.

Nimeona tangu hapo waongozaji wakihangaika kutafuta namna ya kuonyesha wivu wa Ford, wengine kwa kelele, wengine kwa kumtembeza jukwaani na rungu. Wivu huo unatokana na kutoijua nyumba yake. Hajui nguo zinafuliwa siku gani, nani anabeba, tenga lina ukubwa gani. Mkewe hana silaha nyingine yoyote katika mchezo huu zaidi ya hizo, funguo, watumishi na siku ya kufua, naye anashinda mara tatu. Kumkalisha mume juu ya kitu anachokitafuta kunasema hayo bila hotuba, na Bi. Ford alikamilisha kwa kumwambia ainuke, nguo za watu zinakunjamana. Neno hilo halimo kwa Shakespeare. Tuliliacha likabaki.

Mara ya pili Falstaff anakataa katakata kuingia tengani. Wake wanamvika mavazi ya mwanamke mnene wa Brentford, shangazi wa kijakazi, ambaye Ford hampendi hata kumwona na amemkataza kukanyaga kwake. Tulibishana juu ya buibui. Wenye kulitaka walisema linamficha mtu mzima mzima. Ndiyo sababu halifai: likiwa na ninja, kile kitambaa cha kufunika uso, kujificha kunakuwa kuzuri kupita kiasi, na kasisi Evans, mmoja wa wanaume wanaofuatana na Ford, hawezi tena kusema ameona ndevu chini ya mtandio. Wazee wawili waliokuja mazoezini walikuwa na sababu yao, hawakutaka kuona buibui likipigwa bakora jukwaani, na walikuwa na haki. Tukashona dera la mita sita na mtandio uliofungwa chini ya mdomo, kidevu kikachungulia.

Kabla ya bakora Ford analipekua tenga, akirusha nguo. Hapa wengi huharibu kwa kurusha zote kwa kasi moja. Zirushwe kwa mafungu mwanzoni, halafu moja moja, halafu soksi ya mwisho ishikwe na kuangaliwa pande zote mbili. Bakora ilikuwa ufito uliovikwa sponji. Mlio ulitoka nyuma ya pazia, mtu akipiga mkanda wa ngozi juu ya benchi. Papigwe mgongoni penye sponji, kiuno na kichwa viachwe.

Uchumba wa Anne, binti wa Bw. na Bi. Page, niliuona mwepesi kila mara, na usiku ule ulipita haraka. Baba anamtaka Slender, mwenye pauni 300 kwa mwaka na ulimi uliofungwa. Mama anamtaka daktari Mfaransa, Caius. Binti anamtaka Fenton. Usiku wa manane kwenye mwaloni wa Herne, mti wenye mzimu wa mwindaji mwenye pembe, ambako wake wamemwita Falstaff kwa mara ya tatu, yeye akiwa na pembe kichwani na watoto waliojigeuza mapepo wakimfinya na kumchoma kwa mishumaa, kila mzazi amempangia binti vazi la rangi yake ili atoroshwe na mchumba sahihi. Slender na Caius wanajikuta kila mmoja ameondoka na mvulana. Mishumaa yetu ilikuwa tochi ndogo zilizofungwa karatasi ya rangi ya machungwa; moto karibu na sponji usithubutu.

Mwisho ulikuwa na matoleo mawili ya kuchagua. Katika kitabu cha 1623, kile kilichokusanya tamthilia za Shakespeare, Ford anamkumbusha Falstaff pauni 20 alizopewa na Brook, kwamba lazima zirudi, na farasi wake wamezuiliwa kwa deni hilo. Katika chapa ya 1602, ambayo wataalamu huidharau kwa makosa yake mengi, Bi. Ford anaingilia: mume aache, fedha hizo ziwe fidia, watu wapatane. Mwongozaji alichukua ya 1602, na akafanya vyema. Falstaff alianza yote kwa kutamani mkoba ulio mkononi mwa mwanamke huyu, na deni linafutwa kwa kinywa chake, fedha zikiwa za mumewe.

Ford wetu alitakiwa kufikiri kidogo, kisha akubali. Usiku ule hakufikiri. Mkewe alipofungua mdomo tu, yeye alishampa Falstaff mkono, na kina mama wa safu ya mbele wakampigia vigelegele kabla pazia halijaguswa.