Usingizi ni wa watoto

Wiki nzima nalirudia jibu moja. Ijumaa nililirudia ndani ya daladala mpaka nikapitiliza kituo.

Ilikuwa Jumanne, saa moja jioni, foleni ya duka langu la dawa imefika mlangoni. Mzee mmoja wa presha, mteja wangu anayehesabu vidonge vyake upya mbele yangu, alichukua dawa yake ya mwezi kisha akashusha sauti: "Na Piriton. Hamsini." Vile vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi.

"Mzee, usingizi unapata?"

"Usingizi ni wa watoto, dokta."

Nikacheka. Na wa nyuma yake wakacheka. Nikampa hamsini, nikampa chenji, nikaita anayefuata.

Kile kicheko ndicho kinachoniuma. Cheti changu cha huduma ya kwanza ya afya ya akili hakijamaliza mwezi ukutani. Mkufunzi alitusimulia kwamba kozi hizi zilianzia Australia mwaka 2000, wazo la Betty Kitchener na mumewe Anthony Jorm, lililowajia wakimtembeza mbwa wao (darasa lilikwama hapo, mbwa anatembezwaje?). Nililotoka nalo mimi ni hili: ukiwa na shaka, muulize mtu waziwazi kama anafikiria kujiua, maana kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Tukafanya mazoezi wawili wawili. Siku ile niliuliza vizuri mno, nikimuuliza mwalimu wa sekondari aliyejifanya amefiwa.

Kaunta haina wawili wawili. Kuna mama mwenye mtoto anayeharisha, kuna bodaboda kaacha pikipiki inanguruma. Na sheria yetu Tanzania bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Nani atajibu "ndiyo" mbele ya watu? Huo ndio utetezi wangu, nimeupiga msasa tangu Jumanne, na haufui dafu. Ningeweza kumpa kumi tu, nikamwambia apite kesho. Tena kwa umri wake dawa ile huyumbisha, hubana mkojo, huvuruga hata akili. Hayo niliyajua tangu chuoni.

Send-off ya Neema ilipita Jumamosi, mama alilia kama tulivyotabiri, na wakaguzi walikuja Alhamisi wakaondoka wameridhika.

Leo asubuhi, sijamaliza hata kupiga deki, mzee huyo mlangoni. Nikamwamkia, nikamvutia kile kiti cha plastiki nyuma ya kaunta. Mikono ilikuwa inanitetemeka, nikaishikilia kwenye fagio.

"Mzee wangu, samahani kwa swali hili. Umekuwa ukifikiria kujiua?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Nikajua nimeharibu.

"Wewe mtoto," akasema, "mbona Jumanne ulicheka?"

Akakaa. Alikaa karibu saa nzima, na aliyoyasema siyaandiki hapa. Alipotaka kuondoka akatoa ile bahasha ya dawa mfukoni, akavimwaga vidonge kwenye trei yangu, akavihesabu kwa kidole kama kawaida yake. Arobaini na vinne. Kaniachia vyote. Binti yake nimempigia, mzee mwenyewe akiwa ananisikiliza, na kesho wanakwenda kliniki ya hospitali ya mkoa. Nimewaambia nitafunga duka niwasindikize.

Ila friji ya insulini tangu mchana inasoma nyuzi 9, haitakiwi kuvuka 8, na fundi anasema yuko Kibaha mpaka Jumatano.