Ghorofa ya Tatu, Mkunazini

Nilikuwa natafuta nyumba ya kupanga Mji Mkongwe, Zanzibar, dalali akaniuliza kodi nitalipa kwa dola au kwa shilingi. Nilipomjibu kwa lahaja ya Ng'ambo, upande wa pili wa mji, akacheka, "Ah, kumbe mwenyewe!" na bei ikashuka palepale.

Nimekulia Michenzani, kwenye yale maghorofa marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa hiyo ngazi hazinitishi. Mji Mkongwe tukiupita tu: sokoni Darajani, Forodhani jioni, bandarini kumpokea mtu. Niliporudi kutoka Muscat, dada yangu alitaka ninunue kiwanja Fuoni kama wengi wanaorudi. Mimi nikataka kukaa mjini. Mpaka leo anaona nimeharibikiwa.

Ukitafuta nyumba huku utaoneshwa kwanza zile zilizopambwa kwa ajili ya watalii: kuta nyeupe, kiyoyozi, na juu ya paa pa kukaa kutazama bahari. Usitazame bahari, gusa ukuta. Nyumba za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huachia unyevu ukatoka. Fundi akiipiga saruji juu yake, maji yanabaki ndani, plasta inafura na kumong'oka. Chumba kimoja nilikuta rangi imetoka malengelenge ukuta mzima, dalali akaniambia haijakauka tu.

Halafu inua macho uangalie boriti. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mchana kweupe. Ikiwa jumba la Sultani, ndani ya mji ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, limeanguka, huna haja ya kuona haya kuuliza boriti za chumba chako zilikaguliwa lini. Hizo boriti za mikoko ndizo zilizofanya vyumba viwe vyembamba, maana hazivuki zaidi ya kama mita tatu. Makochi ya Muscat sahau. Kitanda changu hakikukata kona ya ngazi, kikavutwa kwa kamba hadi dirishani, na kila aliyekaa barazani akawa msimamizi.

Muulize pia anayekupangisha nyumba ni ya nani. Nyingi zilichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi, nyingine ni za wakfu, na wako wanaopangisha huku wenyewe ni wapangaji. Mimi nilitaka kuona karatasi kabla ya kutoa shilingi. Mwenye nyumba alidai kodi ya miezi sita mbele, tukakubaliana mitatu, na dalali akachukua mwezi wake. Umeme ni tukuza, wa kulipia kabla ya kutumia, kila mtu na mita yake. Maji bila pampu hayafiki juu, na zamu ya kuiwasha pampu ndiyo inayogombanisha watu hapa kuliko siasa.

Nyumba niliyoichukua haina bahari wala kiyoyozi. Chini yuko fundi cherehani, juu yake familia yenye watoto wa skuli, kisha bibi mmoja anayejua nani kaingia na nani katoka. Hiyo ndiyo iliyonifanya nisaini. Mitaa ya Shangani ina majengo mazuri zaidi, lakini usiku madirisha mengi ni ya wageni wa hoteli, na ukiumwa huna wa kumgongea. Hapa pikipiki zinapiga honi kichochoroni tangu alfajiri, na bibi akinisikia napanda huniita: "Mwanangu, nivutie hilo kapu, mwenye boflo keshatia mkate na mikono yangu haina nguvu leo." Navuta kamba, nampa mkate, naulizwa nitaoa lini.

Mkataba unaisha Machi. Nitauongeza, ila kwanza boriti ya jikoni ibadilishwe.