Kumbukumbu ya mradi wangu, wiki ya tatu: kadi iliyokubali wati 75

Jana usiku, baada ya wiki tatu za kupiga hesabu na kuzifuta, kompyuta ya gemu ninayoijenga kwa bajeti ya shilingi 800,000 iliwaka ikiwa na kadi ya grafiki ndani yake, ikacheza saa mbili mfululizo bila kuzima. Msingi wake ni mashine ya ofisi niliyoinunua Kariakoo ikiwa mtumba: kasha la mnara, prosesa ya Core i5-4570, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 240. Hivyo vyote nilivichagua kwa siku moja.

Kilichonitesa ni pawa saplai. Inatoa wati 290, na kwa hesabu ya jumla zinatosha, kwa kuwa prosesa imekadiriwa wati 84. Hata hivyo haina waya hata mmoja wa pini 6 wala wa pini 8 kwa ajili ya kadi, na plagi inayoingia kwenye ubao mama ni ya pini 8 badala ya 24, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida haichomeki moja kwa moja. Nilikuwa nimeshaipenda kadi ya RX 570, ambayo inaiacha mbali kadi ya GTX 1050 Ti, lakini inataka wati 150, ilhali tundu la PCIe, yaani lile la ubao mama ambamo kadi huchomekwa, huipa kadi wati 75 tu.

Muuzaji mmoja alinishauri ninunue kiunganishi kinachochukua umeme kwenye plagi mbili za SATA, zile za kulisha diski, na kuufikisha kwenye pini 8 za kadi. Nilikaribia kukubali, kwa sababu bei yake ni ndogo na kinaingia bila kulazimishwa. Namwomba kila anayejenga kwa fedha kidogo apige hesabu hii kabla ya kulipa: plagi ya SATA ina pini 3 za volti 12, kila pini imekadiriwa ampea 1.5, jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Plagi mbili zinafika wati 108, ilhali tundu la pini 8 linaruhusiwa kudai 150. Na katika mashine yangu plagi zote mbili zinatoka kwenye waya mmoja. Plastiki ya plagi ikiyeyuka katikati ya gemu, kadi haitaungua peke yake.

Nikabaki na kadi zinazojitosheleza kwa umeme wa tundu. RX 6400 inakula wati 53 na ilinivutia sana, ila inatumia njia 4 tu za PCIe za kupitishia data. Kwenye ubao wangu wa PCIe 3.0 kasi ya njia hizo ni nusu ya ile ya PCIe 4.0 iliyokusudiwa, na upungufu huo huonekana pale GB 4 za kadi zinapojaa, picha zikaanza kukwamakwama. GTX 1650 inatumia njia 16, ndiyo niliyoichukua. Tahadhari: baadhi ya matoleo yake yana tundu la pini 6, hivyo nilizirudisha kadi mbili kabla ya kupata isiyo nalo.

Sinunui tena kadi ya mtumba bila GPU-Z, programu ya kuitambua kadi, kwenye flashi. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani zikajitangaza kuwa GTX 1050 Ti, na GPU-Z huzitambua nyingi. Muuzaji asiyeruhusu kadi ichomekwe na kupimwa, namwacha na kadi yake.

Hatua iliyofuata ilipaswa kuwa prosesa ya i7-4770. Nimeiahirisha, kwa maana wakati wa kupima nimegundua kwamba GB 8 zangu zote zimo katika kipande kimoja cha RAM, kwa hiyo inatumika chaneli moja tu, yaani njia moja kati ya RAM na prosesa. RAM ya aina yangu, DDR3-1600, kwa chaneli moja hupitisha GB 12.8 kwa sekunde, na kwa chaneli mbili GB 25.6. Jumamosi narudi Kariakoo kutafuta kipande cha pili.