Mshikaki, mshikaji, mshiko

Kwenye kibodi ya simu, J na K zimekaa bega kwa bega. Kidole kikiteleza, "nimekaa na mshikaji" inakuwa "nimekaa na mshikaki", na rafiki ameshageuzwa nyama ya kijitini.

Leo nimeyawaza sana maneno haya. Mshikaji, rafiki wa mtaani, na mshiko, yaani pesa, yametoka kwenye kushika. Kinachoyatenganisha ni upatanisho: mshikaji huyu amefika, wingi washikaji, mshikaki huu umeiva, wingi mishikaki. Mshiko ndio unaokwamisha wageni, maana nao husema "umeisha" kama mshikaki. Hapo sarufi haisaidii. Sikiliza mwisho wa neno.

Tanzania mshikaki una maana nyingine barabarani: bodaboda kupakia abiria wawili au zaidi. Aliyewahi kuchoma nyama anaielewa taswira hiyo mara moja. Vipande hukatwa vya kama sentimita 2 au 3, vikalazwa kwenye tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na papai bichi kidogo. Papai likikaa mno, nyama hulegea ikawa kama uji. Vijiti vya mbao viloweke nusu saa visiungue, na kati ya kipande na kipande acha upenyo mwembamba. Nyama zikibanana, ubavu unaogusana haupati moto: nje zinaungua, ndani mbichi. Bodaboda haachi upenyo wowote. Neno limepata mahali pake kabisa, ingawa jambo lenyewe linaua watu.

Chapati ni rahisi zaidi. Chapo ni chapati iliyofupishwa tu, lakini chapaa ni pesa, na ile A ya mwisho ni lazima isikike: chapaa, mkazo kwenye "pa". Ukiila A hiyo umesema chapa, yaani alama ya bidhaa, au umemwamuru mtu apige.

Kwenye mpunga herufi hazibadiliki hata moja. Shambani ni mmea na punje zenye maganda. Mtaani Tanzania, "kalipwa mpunga mrefu" ni pesa nyingi. Tazama kitenzi: unaovunwa na kukobolewa ni wa chakula. Ukishakobolewa unakuwa mchele, na Nairobi "kuwekewa mchele" ni kutiliwa dawa ya kulevya kwenye kinywaji. Anayekwambia hivyo anaomba msaada, usicheke.

Sembe naiogopa zaidi. Nairobi ni ugali. Dar es Salaam ni unga wa mahindi yaliyokobolewa, tofauti na dona, ila pia ni jina la mtaani la dawa za kulevya, sawa na unga. Dukani "sembe kilo 2" haina shida. Lakini ukimsifia mwenye mashine ya kusaga mbele ya watu, usiseme "anauza unga" ukaishia hapo. Malizia: wa mahindi.