Sinema ya mtaa ukiikuta imefungwa, anzia chumba cha projekta

Sisi tuliorudi nyumbani baada ya miaka mingi, mara nyingi tunaikuta sinema ya mtaa ina kufuli. Majirani husema televisheni ndiyo iliyoiua. Hiyo ni nusu ya habari. Omba ufunguo, panda chumba cha projekta.

Angalia kwanza kama palikuwa na projekta mbili. Zikiwa mbili, filamu ilionyeshwa kwa kupokezana. Rili ya futi 2,000 ya mkanda wa milimita 35, ikienda fremu (picha mojamoja za mkanda) 24 kwa sekunde, huisha kwa dakika 22 hivi; filamu ya dakika 100 ilitaka rili tano. Sekunde nane hivi kabla ya rili kwisha, doa dogo lilitokea pembeni juu kulia mwa picha: fundi anawasha mota ya mashine ya pili. Doa la pili, sekunde moja kabla ya mwisho, anahamisha picha. Akichelewa, skrini inabaki nyeupe na miluzi inaanza. Wakati huohuo alikuwa akisogeza vijiti vya kaboni vilivyotoa mwanga, maana viliungua na kufupika. Pengo kati ya vijiti likizidi, taa inazimika. Ufundi huu haukupewa heshima yake.

Vifuniko vya chuma juu ya vidirisha vya kupitishia mwanga wa picha vilikuwa vya kuzuia moto. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 mikanda mingi ilikuwa ya nitrati, plastiki inayowaka upesi, na nitrati ikishika moto hujitolea oksijeni yenyewe, hata maji hayaizimi. Ukikuta makopo ya zamani yenye mkanda unaonata au unga wa kahawia, usiyaguse, waite zimamoto. Harufu ya siki ni ya asetati, plastiki iliyochukua nafasi ya nitrati, inayooza: itenge na mikanda mizima, mahali pakavu penye ubaridi.

Pigo lililozimaliza sinema nyingi lilikuja miaka ya 2010, wasambazaji walipoacha kuchapisha mikanda. Filamu sasa hufika kwenye diski ya kompyuta au kwa mtandao, imefungwa kwa ufunguo wa kidijitali wenye saa ya kuanza na ya kwisha. Ilibidi kununua projekta mpya na seva (kompyuta ya kuhifadhi na kuendesha filamu) kwa mkupuo, na ukumbi wa skrini moja hauna skrini nyingine ya kusaidia kulipa deni hilo. Kumbi zilizokuwa bado na watazamaji zilifungwa hivyohivyo, na hilo ndilo linaloniuma.

Mashine ya zamani msiiuze chuma chakavu. Izungusheni taratibu kwa mkono. Ikigoma, msilazimishe, huenda ni oili iliyoganda kwenye gia inayovuta fremu mojamoja. Meno yake yakivunjika, kupata mengine ni shida.