Siku walipofika kwa Mama Mkubwa

Binti yangu karudi na swali kutoka ziara ya shule, kule V&A East Storehouse, Stratford: “Mama, kwa nini nyumba ya Bibi wameiweka ndani ya nyumba nyingine?” Alichokiona ni kipande cha uso wa Robin Hood Gardens, jengo la makazi la Poplar, mashariki ya London, zege lililosimamishwa ndani ya ghala hilo la makumbusho. Si fleti ya Mama Mkubwa, ingawa alikaa jengo hilohilo. Ya Mama Mkubwa niliiona ikiondoka.

Ilikuwa baridi ile ya mwisho wa 2017 kuingia 2018, jengo likibomolewa. Mwenyewe alikwisha kuhamishwa, lakini siku hiyo akanipigia simu asubuhi: “Mwanangu, wamefika kwangu. Njoo.” Tukasimama nje ya uzio, Poplar, katika manyunyu, yeye kajitanda kanga juu ya koti.

Wasanifu Alison na Peter Smithson walilimaliza jengo lile 1972: safu mbili ndefu, moja ya ghorofa 10 na nyingine 7, fleti 213, na katikati kilima cha nyasi kilichoinuliwa kwa kifusi cha ujenzi wenyewe. Kila baada ya ghorofa kadhaa ilipita baraza pana, ndefu kama mtaa. Mama Mkubwa alitoa kiti chake hapo jioni, na majirani wa Kibangladeshi na Kisomali wakipita lazima wamsalimie.

Mashine ilikuwa na shingo ndefu na taya za chuma. Ilianza na zile mbavu za zege zilizosimama wima mbele ya madirisha, zilizowekwa ili kuvunja kelele za magari yanayoelekea handaki la Blackwall. Zilimwagwa kwenye kalibu, zikaletwa zimekwisha kukauka, zikapandishwa kwa kreni na kuunganishwa palepale. Nilitegemea ubavu ungechomoka mzima kama ulivyoingia. Ulikatika katikati. Nondo zikabaki zimepinda hewani, kutu nyekundu kwenye ncha, kokoto zikiporomoka moja moja. Kisha paneli nzima ya ukuta ikang’oka na chumba kikawa wazi mbele ya watu: rangi ya samawati aliyoipaka kwa mkono wake, na duara lililokoza pale saa ya ukutani ilipokuwa imetundikwa. Mpira wa maji ulikuwa ukirushwa kuzuia vumbi, basi ukuta ukalowa na rangi ikang’aa kama imepakwa jana.

“Pale ndipo nilipokuwa nikisali,” akasema.

Taya zikarudi.

Hakulia. Aliniuliza habari za kipande cha makumbusho, na nikamweleza kuwa V&A wanachukua ghorofa tatu, uso wa mbele na wa nyuma, paneli zinatolewa kwa utaratibu ili zije kuunganishwa tena.

“Kumbe zinatoka bila kuvunjwa.”

Neno lile sijalipatia jibu. Nayajua ya upande wa pili: lifti zilizokufa mara kwa mara, maji yaliyopenya dirishani, mambo aliyoyalalamikia yeye mwenyewe miaka nenda rudi. Wasanifu mashuhuri Richard Rogers na Zaha Hadid walilitetea jengo lile, na bado serikali ilikataa mwaka 2008 kuliweka kwenye orodha ya majengo ya kulindwa. Mwaka 2018 kipande chake kilipelekwa Venice kwenye maonyesho ya usanifu, watu wa mbali wakalipandia lile baraza, na waliolikalia wametawanyika.

Ghala lilipofunguliwa Mei 2025 nilimwomba twende pamoja. Hajataka. Anasema maghorofa ya Michenzani, Zanzibar, alikokulia yapo, yamechakaa lakini watu wamo na nguo zimeanikwa, na ukuta usio na mtu nyuma yake yeye hana la kuuambia. Mimi nashukuru kwa dhati kwamba umebaki. Bila ule, mwanangu asingejua kuna kitu cha kuuliza. Hapo mimi na Mama Mkubwa hatujakubaliana.